Siku Kisiagi cha Nyaga Kiliponyamaza

Redio ikiletwa kwa fundi haifunguliwi kwanza, vijana wangu. Inanuswa kwanza. Hili hamkufundishwa, na si kosa lenu, maana vitu vyenu vya leo havinuki hata vikiharibika. Redio zetu zilinuka. Ikinuka nywele zilizoungua, ujue koili imekwenda. Ikinuka samaki, kuna kapasita iliyopasuka. Na ikinuka mende, basi ni mende. Kwetu Manyatta mende walipenda redio kuliko wenye redio, kwa sababu ndani mlikuwa na joto, na baridi ya mlima haichagui mtu wala mdudu. Niliwahi kufungua redio ya mwalimu wa shule ya Jumapili, wakatoka ukoo mzima, mababu na vitukuu, naye amesimama pale akiapa kwamba mende hao si wake, ni wa jirani.

Jina langu ni Marigu, lakini ukifika Manyatta ukauliza Marigu, wataanza kukuuliza Marigu gani. Uliza Mama Redio. Nilitengeneza redio, kaseti na kila kitu kilichosema au kuimba tangu nikiwa msichana hadi macho yalipoanza kuona waya mmoja kuwa wawili. Sasa nafuga kuku. Wajukuu wananiletea simu zao zilizozimika nizitazame. Nazitazama, nazigeuza, nawarudishia.

Kazi sikuifuata, ilinikuta. Shangazi yangu aliolewa Meru, akanichukua nikae kwake Kinoru nijifunze ushonaji. Cherehani ilikuwa moja na wasichana tulikuwa wengi, kwa hiyo nikawa napitisha muda kwenye kibanda cha mzee aliyeitwa Kirimi, fundi wa redio karibu na uwanja wa mpira. Nikaona solda inavutia kuliko sindano. Kirimi hakushangaa kumwona msichana akitaka kazi ile. Alishangaa tu kwamba nilikuwa nimekuja bila kikombe changu cha chai. Siku za mechi tulifunga mapema, kwa sababu kila bao lilitikisa meza na skrubu zikaenda zisikojulikana.

Mzee Kirimi alikuwa na neno alilolirudia mpaka likaniudhi. Mteja akileta kitu kilichokufa, akisema kimekufa, Kirimi alikishika mkononi, akakitikisa kidogo karibu na sikio, akasema, "Hii haijakufa. Imezirai. Mtu amezirai humchimbii kaburi. Unampepea." Kisha alikaa. Hakuchukua bisibisi. Alikaa akimuuliza mwenye kitu maswali: kilizimika ukifanya nini, nani alikuwa amekishika, nje kulikuwa na mvua? Wateja wenye haraka walimchukia. Mimi mwenyewe nilidhani ni uvivu. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba maswali yale yalikuwa ndiyo kazi yenyewe, na bisibisi ni ya kumalizia tu.

Nilirudi Embu nikafungua kibanda changu Manyatta, ukuta kwa ukuta na kisiagi cha Nyaga, mashine ya kusaga mahindi. Wateja wangu hawakuwa matajiri, na mtu asiye na pesa za mawe mapya, yaani betri, ana akili nyingi. Waliyaanika mawe ya redio juu ya mabati yapate jua. Hilo lilisaidia kidogo, siwezi kusema uongo. Wengine waliyachemsha kwenye sufuria. Hilo halikusaidia, na sufuria nayo haikupikiwa tena. Kaseti iliyoliwa na mashine tuliirudisha kwa kalamu ya bolpeni, ile yenye pembe, ikizungushwa taratibu huku mwenye kaseti akikupumulia shingoni akiomba wimbo wake usikatike.

Sasa niwaambie kuhusu Nyaga, maana bila yeye hamtaelewa nitakayosema. Nyaga alikuwa mtu mnene, mpole, mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu. Kisiagi chake kilivuta stima nyingi sana kilipoanza. Akikiwasha, balbu yangu ilikonyeza. Ilififia, ikafikiria, ikarudi. Kwa mtu wa solda hiyo ni balaa, kwa sababu ncha inapoa ukiwa katikati ya kiungo, na kiungo kilichopoa vibaya kinashika leo na kuachia wiki ijayo, mteja akiwa tayari amekusifu kanisani. Basi nilijifunza kumsikia Nyaga kabla ya mashine yake. Alikuwa na utaratibu. Kwanza alisalimia watu, kisha akaupiga mkanda wa mashine kofi, kisha akakohoa, ndipo akawasha. Nilipousikia ule mkanda ukipigwa, niliinua solda juu nikangoja. Wageni waliokuja kibandani walidhani ninasali.

Katika mwisho mwisho wa miaka ya tisini, kijana mmoja kutoka Meru alikuja kupanga chumba nyuma ya maduka yetu. Aliitwa Mwenda. Alifundisha kwenye chuo cha kompyuta mjini Embu, na chumbani alikuwa na kompyuta yake mwenyewe, ya mitumba, aliyoifunika kwa kitambaa cha kroshia kama kochi la mgeni. Alikuwa anamuoa Wawira, msichana wa Karurumo, na mimi nilimpenda kijana huyo kwa sababu alisalimu watu kabla ya kuomba kitu.

Dada yake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo alimtumia kidude kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Tulikiita walkman isiyo na kaseti. Kilikuwa kidogo, kinajaa kiganjani, kina kioo kidogo cha maandishi na jiwe moja la betri. Nyimbo zilikaa ndani bila kanda, bila sahani, bila kitu chochote kinachozunguka. Mwenda aliponieleza nilimwambia asinichezee, mimi si mtoto. Kisha akanitia waya masikioni na nikasikia kwaya. Nilikigeuza kutafuta mlango. Hakikuwa na mlango ila wa jiwe. Na kiliweza pia kunasa sauti ya mtu, ukibonyeza kitufe na kuzungumza.

Hapo ndipo anapoingia babu yake Wawira, Mzee Njue wa Karurumo. Yeye ndiye aliyemlea Wawira, na wote wawili walimwita Guka, yaani babu. Koo lake liliugua, na daktari akamwambia kwamba lazima apasuliwe, na huenda sauti isirudi. Kwetu msichana hatoki nyumbani kwenda kuolewa kabla mzee wake hajasimama uani na kumtamkia baraka. Haiandikwi hiyo, na mwingine hawezi kuisema kwa niaba yako ukiwa bado hai. Mzee Njue akafikiria, akamwita Mwenda, akamwambia amletee kile kidude. Akaonyeshwa kitufe, kisha akawatoa wote nje ya nyumba, akafunga mlango, akazungumza na mashine peke yake. Hata Wawira hakujua alisema nini. Akaenda hospitali. Alipona, Mungu asifiwe, ila sauti ilibaki huko.

Siku moja kabla ya harusi, na ilikuwa siku ya soko, Mwenda aliingia kibandani kwangu asubuhi bila kunisalimu. Nilijua kuna msiba. Aliweka kile kidude mezani na kioo chake kilikuwa kitupu kabisa.

"Mama, imekufa," alisema. "Nimeua baraka ya Guka."

Nilimkalisha kwenye kigoda. Nikafanya alivyofanya Kirimi, nikauliza. Akaniambia kwamba juzi alikuwa amejaribu kusikiliza mwanzo wa ile sauti, akasikia mzee akikohoa na maneno mawili matatu, kwa mbali mno. Akaogopa kwamba uani, na watu wote wale, hakuna atakayesikia. Dada yake alikuwa ametuma pia CD yenye programu mpya ya kidude hicho, na ilisemekana programu hiyo inaongeza sauti. Basi asubuhi ile stima iliporudi, akakiunga na kompyuta, akaanza kuiingiza. Ilipofika katikati, kompyuta ikazima ghafla, ikajiwasha yenyewe, na kidude hakikuwaka tena.

Nilimuuliza kwa nini hakuihamishia sauti ile kwenye kaseti kwanza, kwa waya tu, jambo la dakika chache. Akaniangalia. Akaweka kichwa chini mezani. Sikumuuliza tena, maana kuna maswali ambayo ukishayauliza mara moja yametosha. Lakini ninyi myasikie: kabla hujaanza kukitibu kitu, toa kwanza kilicho ndani ukiweke mahali pengine.

Kisha nikamuuliza nje kulikuwa na nini kompyuta ilipozima. Alisema hakukuwa na kitu. Watu walikuwa wakicheka kwa Nyaga, akasikia kama kofi, kisha—

Sote wawili tukageuka tukautazama ukuta. Upande wa pili kisiagi kilikuwa kinanguruma, na balbu yangu ilikuwa ya manjano.

Nilitaka kucheka na kulia. Programu ilikuwa imeingia nusu, ikakatwa, na kidude hakijijui tena ni kitu gani. Mwenda alinieleza vizuri, kwa sababu hayo aliyajua yeye, si mimi. Alisema ile programu na zile sauti zinakaa vyumba tofauti. Chumba cha programu kimevurugika, chumba cha sauti huenda ni kizima, ila hakuna wa kufungua mlango. Kwenye CD kulikuwa na maelezo ya Kiingereza ya kukiamsha: unabonyeza vitufe viwili pamoja, hubanduki, huku unaingiza jiwe, na kikikubali unaanza kuiingiza programu upya tangu mwanzo. Alikuwa amejaribu. Hakikuamka.

Nikakishika mimi. Nikafungua mlango wa jiwe nikatazama springi. Ilikuwa na ukungu wa kijani, kutu ya jiwe lililovuja. Hii ilikuwa lugha yangu. Nikachukua kifutio cha penseli, kile cha mtoto wa shule, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaivuta kidogo ishike, nikaongeza tone la risasi iliyoyeyushwa kwa solda kwenye mguu wake uliolegea. Nikatia jiwe jipya kutoka dukani. Mwenda akabonyeza vitufe vyake, nami nikasukuma jiwe. Kwenye kioo pakaja mstari mmoja mwembamba sana.

Mwenda akanishika mkono. Kilikuwa kimezirai tu.

Lakini shida ilikuwa pale pale. Siku hizo stima ilikuwa ya zamu. Ikija asubuhi, mchana inaondoka, na hairudi mpaka kesho yake. Chuo cha Mwenda kilikuwa kimefungwa kwa likizo na funguo zilikuwa zimesafiri na mwenyewe. Harusi ni kesho. Kwa hiyo ilibidi tuitumie stima ile ile aliyokuwa akiitumia Nyaga, katika saa zile zile, na Nyaga alikuwa anawasha na kuzima kila mteja alipobadilisha mahindi. Ikikatika katikati tena, Mwenda alisema, hajui kama kitaamka tena.

Wakati huo Wawira akatokea, na vikapu vya soko mikononi, akitabasamu, akatukuta tumekaa kama watu walioitwa kwa chifu. Mwenda hakumficha. Alimwambia yote, akiwa amesimama. Wawira aliweka vikapu chini. Akasema polepole, "Guka amesema kama sauti haiko, yeye hatoki nyumba kesho. Ameonyesha na mkono. Hawezi kaa hapo uani kama mgeni." Halafu akamtazama mchumba wake. "Guka amenyamazishwa mara moja. Usimnyamazishe mara ya pili."

Tukatoka, sisi watatu, tukaenda kwa Nyaga.

Mnajua siku ya soko kwa kisiagi? Laini ya wateja ilitoka mlangoni ikapita kwangu ikafika kwa kinyozi. Wanawake na madebe yao, magunia madogo, gorogoro, watoto mgongoni. Wengine walikuwa wametoka mbali na giza bado halijaisha. Nyaga alinisikiliza kwa heshima, akapangusa nyusi, akaniambia kwamba yeye hana neno, lakini stima inaondoka mchana na hawa wote wanataka unga wa leo. Niulize wenye mahindi.

Mbele kabisa alikuwa Cucu Igoki; cucu kwetu ni nyanya. Kila kijiji kina mwanamke mmoja ambaye hata mwenyekiti wa soko akimuona anashusha sauti. Kwetu alikuwa yeye. Nilimweleza. Alinisikiliza akiangalia mahindi yake. Akasema yeye ana wajukuu nyumbani wanaongoja uji, na wajukuu hawali baraka. Nyuma yake wakacheka, na wengine wakaanza kulalamika kwamba Mama Redio na vitu vyake vya kuimba atawachelewesha.

Nilitaka kujibu. Wawira akanipita. Alimsalimia Cucu Igoki kwa mikono miwili, vile inavyotakiwa, akamwambia mambo machache kwa Kiembu: babu yake ni nani, alimlea vipi, na kwamba asubuhi hizi mzee anafungua mdomo kumuita kwa mazoea na hakuna kinachotoka. Hakulia. Laini yote ilinyamaza ili isikie.

"Amenyamaza kabisa?" Cucu Igoki akauliza.

"Kabisa, cucu."

Mama yule akalishusha debe lake chini, akalikalia.

"Nyaga," alisema, "zima."

Kisiagi kikazima, na hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kusikia Manyatta yenyewe mchana wa soko. Nilisikia kuku. Nilisikia mtu akihesabu vitunguu ng'ambo ya barabara. Wanawake wakakaa chini kwenye magunia yao, wakanyoosha miguu. Hata kinyozi alichomoa mashine yake bila kuambiwa, na mteja wake akaja kutazama akiwa amenyolewa upande mmoja.

Kompyuta tuliihamishia kwangu, maana chumba cha Mwenda kilikuwa kidogo. Nilichomoa kila kitu changu ukutani. Mwenda akaunga waya, akabonyeza vitufe, nikasukuma jiwe, mstari ukaja. Akaanza. Kompyuta ikauliza swali kwa Kiingereza, na kidole chake kilikuwa kishafika kwenye kitufe cha kukubali. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Ilikuwa ikiuliza kama tunataka kufuta kila kitu kilichohifadhiwa ndani. Akavuta mkono kama aliyegusa jiko. Akachagua hapana, kisha akajipangusa jasho kwa kitambaa cha kroshia.

Kwenye kioo cha kompyuta kikatokea kipau cha buluu kinachojaa kidogo kidogo. Dirisha langu lilikuwa limejaa vichwa. Cucu Igoki, ambaye alikuwa amepewa kigoda changu, aliuliza ni nini hicho kinachotembea. Mwenda akamwambia ni programu inaingia. Cucu akasema inatembea kama mtoto anatumwa shule bila kifungua kinywa. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Watu walikuwa wanaogopa kutikisa meza.

Nilisali, siwafichi. Nilimwomba Mungu wa Mlima na wa kanisani, maana ni yuleyule, aishike stima mkononi. Kipau kikafika mwisho, kikatoweka. Kioo cha kile kidude kikazima. Kisha kikawaka, kikaandika jina lake. Mwenda akabonyeza, akabonyeza, na chini kabisa ya orodha ya nyimbo za kwaya pakawa na kitu kimoja kisicho na jina.

Sasa kulikuwa na lile la sauti ndogo, lililoanzisha yote. Hilo halikuhitaji programu yoyote. Nilichukua waya wenye pini pande zote mbili nikakiunga na redio yangu kubwa ya dukani, ile yenye spika za mviringo. Halafu nikachukua redio ya pili, nikatia kaseti tupu, nikabonyeza rekodi. Redio moja iseme, nyingine isikilize. Hivyo ndivyo tulivyonakili mambo enzi zetu.

Mwenda alitaka tujaribu kikohozi tu, tuzime, tuiache baraka mpaka kesho. Cucu Igoki akasema wamekaa na mahindi yao wakingoja, na sasa waambiwe waende? Mwenda akamtazama Wawira. Wawira akasema, "Wacha iseme. Baraka ikisikiwa na wengi haipungui."

Mzee akakohoa. Kisha akasema, kwa Kiembu kile cha zamani, sauti imechoka lakini imesimama wima. Mimi nawapa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili imepungua. Alimwita Wawira kwa jina, na kwa jina la nyanyake alilolirithi. Akasema: "Nyumba yako isikose moto."

Kisha kimya.

Nilingoja. Kimya. Redio ilikuwa inapumua tu. Nikajua springi imeachia, ule mguu niliouchomea, kazi yangu. Mkono wangu ukaenda kwenye mlango wa jiwe nilitoe jiwe nilirudishe, kama nilivyofanya na vitu elfu vilivyokwama. Vidole vilikuwa vimeshaugusa. Mkono mwingine, mkavu, wenye vumbi la mahindi, ukaushika wangu.

"Wacha," alisema Cucu Igoki. "Anatungoja."

Akainua kichwa akaitikia, kwa ile sauti ya kuvuta ambayo waliopo humwitikia nayo mzee anapobariki. Na dirisha lote likaitikia pamoja naye, na mlango, na laini nzima mpaka kwa kinyozi. Walipomaliza, mzee akaendelea, kana kwamba amewasikia.

"Mifugo yako ipande mlima, irudi ikiwa mingi zaidi." Kimya. Wakaitikia.

Ndipo nikaelewa alivyofanya mle ndani ya nyumba, mlango umefungwa, peke yake na kidude kiganjani. Alisema mstari, akanyamaza, akatuachia nafasi yetu. Alijua watu watakuwepo. Hakujua ni akina nani, wala wapi, lakini alijua, na akawangoja. Nililia pale mbele ya wateja wangu bila aibu. Mwenda alikuwa amemshika Wawira bega, na Wawira alikuwa anaitikia na wenzake, mgongo umenyooka.

Mwisho alisema: "Nawe ukiita, uitikiwe."

Tuliitikia hilo mpaka Nyaga akatoka na unga wake mlangoni kutazama. Kisha Cucu Igoki akasimama, akapangusa sketi, akachukua debe lake, akamuuliza Nyaga anangoja nini, stima itaondoka. Nikasikia mkanda ukipigwa kofi. Safari hiyo nilichomoa kompyuta ukutani kabla hajakohoa. Wote walisaga. Wa mwisho alimaliza, na muda si mrefu balbu ikafa.

Kesho yake nilikuwa Karurumo, redio yangu kubwa begani. Mzee Njue alitoka nyumbani, amevaa koti, akasimama uani mbele ya Wawira. Nikakiunga kile kidude na redio, sauti yake ikatoka. Ilipofika kwenye kimya cha kwanza, kabla watu hawajajua wafanye nini, mzee akainua mkono wake juu, na wakaitikia. Alifanya hivyo mpaka mwisho. Wageni waliokaa nyuma sana waliniambia baadaye kwamba hawakujua kuna redio.

Jioni nilimwekea ile kaseti. Nilidhani atapenda kujua. Alisikiliza baraka yake ikiitikiwa na wanawake wa Manyatta ambao hajawahi kuwaona, na kuku, na mtoto mmoja aliyelia katikati. Alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika na machozi yakamtoka. Kile kidude akamrudishia Mwenda. Kaseti akaitia mfukoni mwa koti, na huko ndiko ilikokaa.

Kwa hiyo, wajukuu, mkiniletea simu mkasema imekufa, mkaniona nimekaa nikiitazama, msidhani nimesinzia. Mzee Kirimi alinifundisha kutofautisha aliyekufa na aliyezirai. Cucu Igoki akaniongezea la tatu, na hilo sijalipata kwenye kitabu chochote cha ufundi. Kitu kikinyamaza mkononi mwako, kabla hujatoa jiwe, hakikisha kwanza si zamu yako kuitikia.